Nyumba ya Mama Nyuma ya Gari

Watu wenye akili hununua gari kwanza, kisha wakatafuta kitu cha kuvuta. Mume wangu alianza na mkia. Alasiri moja lori liliingia kwenye kiwanja chetu pale Isiolo, likashusha karavani nyeupe ya magurudumu mawili, likaenda zake. Ilikuwa imekaliwa na watu waliotengeneza barabara ya kaskazini, na ndani bado kulikuwa na harufu ya sigara na kalenda ya mwaka uliopita. Watoto wetu waliingilia mlangoni wakatokea dirishani. Mimi nilisimama na ufagio mkononi, nikamwuliza baba watoto hicho ni kitu gani.

"Nyumba ya mama yako," akasema, huku akitazama pembeni, kama kawaida yake kila alipomtaja mama yangu.

Katika familia yetu ya Kiborana, desturi ya ukwe ilishikwa kwa mikono miwili. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja hupisha mbali mpaka mwenzake apite. Si chuki hata kidogo, ni heshima. Mume wangu alikuwa amenioa miaka mingi, tuna watoto watatu, na uso wa mama hakuwahi kuuona. Mama naye alimjua kwa kikohozi. Lolote walilotaka kuambiana lilipitia kwangu, nikawa posta yao, na si mara moja nilizichuja barua zao njiani.

Mama aliishi Sericho, mbali huko mashariki, peke yake na mbuzi wachache. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, na la pili lilianza kulifuata. Mvua zilikuwa haba na maji yalitafutwa mbali. Nilitaka aje Isiolo, awe karibu na hospitali na karibu nami, na nilikuwa nimembembeleza hadi nikachoka. Majibu yake yalikuwa matatu na hayakubadilika. Hawezi kulala chini ya paa la mkwe wake. Hawezi kupanda gari akae nyuma ya shingo ya mkwe wake safari nzima. Na hawezi kuishi katika nyumba isiyohama, kwa sababu kwetu nyumba ni ya mwanamke, ndiye anayeijenga, anayeibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Alisema nyumba iliyochimbiwa chini ni ya wafu. Nilirudi Isiolo kila mara nikiwa na hasira, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda ila kwa mume wangu, ambaye hakuwa na kosa.

Ndiyo maana aliposema vile, nilishusha ufagio. Paa lake mwenyewe, mlango wake mwenyewe, magurudumu chini, na mkwe yuko mbele katika gari lingine kabisa. Mtu huyu alikuwa amekaa kimya muda wote akinisikiliza nikilalamika, kumbe alikuwa anafikiri. Nilitaka kumkumbatia palepale, lakini majirani walikuwa wakichungulia juu ya ua.

Sasa gari. Yeye alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, na safari zake zote za soko la Oldonyiro na kwingineko alizifanya juu ya malori ya watu. Ulikuwa mwaka ule uliofuata kupigwa marufuku kwa uwindaji, na waliokuwa wakiwatembeza wawindaji walikuwa wakiuza magari yao. Mawili yalikuwa yamesimama kwa fundi wetu, Mmeru mmoja mpole aliyekuwa na gereji upande wa juu wa mji. La kwanza lilikuwa Landrova fupi, rangi yake safi inayong'aa. La pili lilikuwa Landrova ndefu, yenye viti vya pembeni nyuma, imepakwa milia myeupe na myeusi kama punda milia.

Mume wangu alilipenda lile fupi tangu alipoliona. Alilizunguka, akalipapasa mgongo kama anayepima fahali. Nilimwuliza watoto watakaa wapi. Akasema watoto ni wadogo. Nilimwuliza kama wamekubali kubaki wadogo.

"Mzee, hii fupi iko na nguvu, mimi sikatai," fundi akasema. "Lakini karavani ni refu kuliko yeye. Ukishuka mteremko, hiyo nyumba itaamua njia, wewe utafuata tu."

"Tujaribu," mume wangu akasema, maana yeye husikia kwa macho.

Wakaifunga karavani nyuma ya gari fupi, tukapanda ule mlima wa kutoka mjini kuelekea Meru. Kupanda kulikuwa kwema. Kushuka ndiko nilikomkumbuka Mungu. Karavani ilianza kucheza kiuno, kushoto, kulia, kushoto, na gari nalo likaitikia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza mbaazi kando ya barabara alibeba beseni lake akaingia kichakani bila kuaga. Tulipofika chini, mume wangu alizima injini, kisha akasema kwa utulivu mkubwa kwamba kwa kweli watoto wanahitaji nafasi.

Basi tukachukua ile ndefu, na milia yake. Mfanyabiashara wa ng'ombe hawezi kwenda sokoni akiwa ndani ya punda milia, kwa hiyo aliipaka rangi ya kijani aliyoipata kwa mtu aliyekuwa akipaka milango ya zahanati. Jua lilipoipiga, milia ilirudi ikaonekana chini ya kijani. Mjini wakaiita punda wa hospitali, na hadi leo sijui nani alianza, ingawa ninamshuku binti yangu mkubwa.

Kuliandaa gari ikawa kazi ya majuma. Fundi alichomelea chuma cha kuvutia chini ya mkia wa gari. Kwanza kikawa juu mno, pua ya karavani ikaelekea mbinguni, akakikata akakishusha. Akaongeza vyuma kwenye springi za nyuma ili mzigo usililaze gari. Ikawa gari likiwa tupu linaturusha mpaka vichwa vinagonga paa, na likivuta karavani linatulia kama limepewa dawa. Akavuta waya wa taa hadi nyuma ya karavani, na kwa siku kadhaa ukionyesha unaingia kushoto, nyumba inasema kulia. Akatufundisha kufunga, kipini kilichofungwa kwenye mnyororo kipite tunduni la sivyo karavani itaachia, na kupakia: vizito vyote vikae mbele, karibu na gari, visikae mkiani.

Mwisho akaleta vioo. Vilikuwa viwili, vya mikono mirefu iliyotokeza pembeni kama masikio ya ng'ombe, ili dereva aone kando ya karavani hadi nyuma kabisa. Alipovifunga, mume wangu alikaa kwenye usukani, akatazama kimoja, akatazama cha pili. Kisha akashuka.

"Hivi toa," akasema.

Fundi akashangaa. "Mzee, trela bila vioo? Sasa nyuma utaona aje?"

"Sitaki kuona. Kuna mtu atakaa nyuma."

Dirisha la mbele la karavani lilikuwa pana, na mwenye kuketi pale angeonekana barabara kwenye kioo cha ndani, na kichwa chake kingeonekana kwenye vioo vya nje kila gari likikata kona. Nilimweleza fundi habari ya ukwe. Kwao Meru pia wana heshima zao, akaelewa upesi, lakini alikuna kichwa.

"Mama, heshima ni sawa. Lakini wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Huyu mzee wako ako na macho na anakataa kutazama."

Tukafikia mapatano. Vioo vibaki, lakini vikunjwe kuelekea ndani mama akiwa safarini. Kile cha ndani kifunikwe, na dirisha la nyuma la gari liwekewe pazia. Pazia nililishona mimi, kitambaa cha maua mekundu, pamoja na la karavani la kufanana. Fundi alipendekeza pia kamba kutoka kwenye karavani hadi kwenye kengele ndani ya gari, mama akihitaji kitu avute. Nilipompelekea mama ujumbe huo baadaye, alisema kengele hufungwa mnyama anayeweza kupotea, na yeye hajawahi kupotea.

Tuliteremka Sericho karavani ikiwa tupu, watoto wawili wakubwa tukawaacha kwa dada yangu mjini, mdogo nikamchukua. Mama aliizunguka ile nyumba mara kadhaa. Akagonga ukuta. Akaingia, akafungua kila kabati, akafunga. Akauliza nani ameijenga, nikasema Wazungu, akasema wanaume au wanawake. Nikasema wanaume bila shaka. Akasema ndiyo maana mahali pa moto pamekaa karibu na mlango. Lakini niliona mkono wake ukipapasa lile gurudumu, nikajua amekubali. Akabomoa kibanda chake, akafunga fito zake zilizopinda na mikeka juu ya paa la karavani, kwa sababu, alisema, nyumba hii ya bati ikifa, yeye atajenga yake.

Mume wangu hakuwepo wakati wote huo. Alikuwa amelaza gari mbali, kwa watu wa ukoo wake, kama adabu inavyotaka. Asubuhi alirudi nalo kinyumenyume, polepole, mpaka kwenye pua ya karavani. Mama alikuwa amekwisha kaa ndani, mbele dirishani, juu ya sanduku lake, ushungi umeshuka. Chuma cha kufungia kilikuwa chini yake hasa.

Sasa mtazame mkwe mwema. Alishuka kwenye gari akageuzia uso Somalia. Akaja kinyumenyume kama gari lenyewe, akachuchumaa akiipa karavani mgongo, akapeleka mikono nyuma, akaanza kupapasa. Mimi nilikuwa jicho lake. "Kulia. Shusha. Hapana, kwako kulia." Jasho lilimtoka. Mtoto akaanza kulia ndani ya gari, nikaenda kumchukua. Nikasikia chuma kikigonga chuma.

"Imeingia?" nikauliza kutoka mbele.

"Imeingia."

Mbuzi wawili wa mama tuliwapakia nyuma ya gari pamoja na madumu ya maji. Tukaondoka na mapazia yetu mekundu, vioo vimekunjwa. Nilikuwa na furaha ambayo hata sasa nikiikumbuka natabasamu. Niliyemtaka alikuwa nyuma yangu, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Barabara ile ilikuwa mchanga na mashimo. Tulivuka laga moja, yaani mto usio na maji, gari likazama kidogo, likanguruma, likatoka kwa kishindo. Baada ya pale safari ikawa tamu. Gari lilipaa, madumu ya maji nyuma yakilituliza lisiruke. Mume wangu akaegemea kiti akaanza kulisifu.

"Unaona springi zile? Unasikia mzigo wewe?"

Nikasema sisikii.

"Hausikiki. Hii ndiyo gari. Ingekuwa ile fupi tungekuwa tumelala. Mimi nilikuambia ndefu ndiyo."

Sikumkumbusha ni nani aliyeambia nani. Mtu akifurahi mwache. Aliimba kidogo, jambo ambalo hulifanya akiwa ameuza fahali vizuri. Kila tulipopanda kilima alibadilisha gia, akanitazama, akasema tena kwamba hausikiki.

Tulifika Garba Tula wakati wa sala ya alasiri. Alisimamisha gari chini ya mgunga nje ya kituo, akashuka, akatembea moja kwa moja mbele kuelekea msikitini bila kugeuka, ili mama ashuke na kunyoosha miguu kwa uhuru. Mimi nikamimina chai kwenye kikombe cha kwanza, kikombe cha mama, sukari nyingi na maziwa ya ngamia, nikazunguka gari taratibu nisiimwage.

Hakukuwa na nyumba. Kulikuwa na kile chuma cha fundi, kimejaa vumbi, na nyuma yake barabara hadi upeo wa macho. Nilisimama na kikombe changu. Kitu cha kwanza nilichofikiri, nisamehewe, ni kwamba chai itapoa.

Halafu hofu ikaja. Mama yangu, jicho moja, jua lile, na fisi wa nyika zile wanavyojulikana. Na maji yake yote yalikuwa garini kwetu. Mbuzi wake walinitazama kupitia dirishani wakitafuna, wamefika salama. Tulikuwa tumewahamisha mbuzi tukamwacha mama. Nilimkimbilia mume wangu mpaka kwenye birika la udhu, nikamwonyesha tu kikombe.

Kurudi, hakusema neno juu ya springi. Aling'oa pazia kwa mkono mmoja akiwa anaendesha, nadhani hakujua anachong'oa. Nililia njia nzima, na katikati ya kulia nikamgombeza, na katikati ya kumgombeza nikamwomba Mungu, bila mpangilio.

Tulimkuta kwenye laga. Karavani ilikuwa imechoma pua kwenye mchanga kwa adabu, haina hata mkwaruzo. Pembeni yake mama alikuwa ametandika mkeka, amewasha moto, na wanawake waliokuwa wakinyweshea ngamia kwenye visima vya mchangani walikuwa wameketi wamemzunguka na vikombe vyake mikononi. Alikuwa akiwaeleza jambo, na walikuwa wakicheka.

Gari halijasimama sawasawa, mume wangu alikuwa amesharuka. Alikimbia mchangani, kiatu kimoja kikabaki nyuma, huku akiita mama, mama, mama. Alipiga magoti mbele yake, uso kwa uso, karibu kama mimi na wewe, ndipo akakumbuka. Akaganda. Wale wanawake wakaziba midomo yao kwa shuka. Nikamwona mama anainua mkono kuushika ushungi, na mkono ukaishia njiani.

Akamtazama. Alimtazama kwa lile jicho zima, bila haraka, kuanzia mvi hadi kidevu hadi mguu usio na kiatu. Kisha akanigeukia mimi.

"Kumbe ni mfupi hivi," akasema.

Aliyeanza kucheka ni mume wangu mwenyewe. Sote tukacheka, hata waliokuwa wamejiziba. Nilipopata pumzi nilimwuliza mama kama hakusikia chuma kikiachia.

"Niliona tangu Sericho. Kile kipini kilikuwa kinaning'inia kwenye mnyororo wake, hakikuingia popote."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ulikuwa mbele na mtoto. Yeye alikuwa anatazama jua. Nigonge dirisha? Kumgongea si ni kumwita? Nikamwachia Mungu, na Mungu akanishusha penye maji."

Akapuliza moto wake. Akasema hapa mchanga ni laini, watu ni wema, maziwa yapo. Kicheko kikanikatika. Niliijua sauti ile, ndiyo ya majibu matatu ya Sericho. Ameshapata nyumba, ameshapata jirani, na kosa limekuwa letu. Nilijua akisema anabaki atabaki, na nitakuwa nikisafirisha dawa za macho laga ile mpaka siku nitakayoambiwa nisilete tena.

"Mwambie mama," mume wangu alianza, akitazama mchanga, uso kwangu. Kisha akauinua uso wake, akayasema mwenyewe. "Mama. Twende nyumbani."

Hakuna aliyecheka sasa. Ngamia walikuwa wakinywa. Mama akamaliza kikombe chake.

"Mwambie nitakwenda," akaniambia mimi, maana desturi haiishi kwa siku moja. "Lakini chuma akifunge huku anakitazama. Na vile vitambaa vyenu aviondoe. Jicho hili likifunga, mtu aliyemlisha mtoto wangu miaka yote hii nitakuwa nimemwona mara moja tu, tena akiwa na vumbi."

Kipini kiliingia, nikakisikia. Vioo vikakunjuliwa. Mpaka Isiolo mume wangu aliendesha kwa mwendo wa kobe, macho kioo cha kushoto, macho kioo cha kulia, na mama nyuma dirishani, ushungi mabegani, akimpungia mkono kila alipotaka chai. Alitaka chai mara nyingi.

Walikuwepo waliosema kwamba tumeharibu desturi. Mama aliwajibu kwamba heshima si utumwa, na kwamba waje siku nyingine, leo anahama. Na kweli alihama. Karavani ilikaa kiwanjani kwetu miaka yake yote iliyobaki, lakini kila msimu ulipobadilika aliagiza nyumba ihamishwe, kutoka upande wa choo hadi upande wa jikoni, msimu mwingine irudi. Wangeweza kuisukuma watu wanne. Hakutaka. Mume wangu alileta gari, akafunga kipini, akatazama vioo vyote viwili, akavuta nyumba kutoka ukuta hadi ukuta, mama akiwa amekaa juu ya sanduku lake. Madaktari walilichelewesha lile jicho, hawakulizuia. Lilipofunga, katikati ya miaka ya themanini, aliendelea kupunga mkono dirishani, na mume wangu aliendelea kumjibu kwa kukohoa.

Mama alipofariki, karavani tuliigeuza ghala la ngozi. Fundi alimwambia mume wangu aondoe sasa vile vioo, vinagonga matawi na watu sokoni, na gari lisilovuta kitu halivihitaji. Mume wangu akasema ataviondoa. Hakuviondoa. Siku moja tukitoka Oldonyiro, alipunguza mwendo kwenye kona, akatazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, taratibu, kama zamani. Nami nikatazama. Nyuma hapakuwa na kitu ila barabara.